Umekuja na Siku Ngapi?

Haikaeli Mtui alirudi kutoka Marangu saa saba kasoro dakika tano mchana, akaikuta chai aliyoiacha mezani bado vuguvugu.

Alikuwa amekaa nyumbani siku saba. Alikula mtori wa ndizi, alilala mpaka jua likamchoma usoni, alicheka na mdogo wake Ndekirwa mpaka mbavu zikamuuma. Sasa alivua kofia, akajipangusa jasho, na Arusha ikamrudia kidogo kidogo: feni, dirisha la gorofa ya tano, wenzake wakirudi kutoka kula. Chini barabarani, muuza mahindi aliyekuwa akipepea jiko wakati yeye anaondoka alikuwa bado anapepea. Dakika arobaini tu zilikuwa zimepita.

Watu wengi walidhani kofia inaharakisha ubongo, na Haikaeli alikuwa amechoka kuwasahihisha. Ubongo haujui saa, aliwaambia. Kaa ofisini wiki nzima ukifanya jambo lilelile, ukigeuka nyuma utaona siku moja. Nenda mji mgeni siku mbili, ukirudi utadhani umekaa mwezi. Ubongo huhesabu alama: harufu, sura, neno lililokuchekesha. Kazi ya kofia ilikuwa kupanda alama hizo. Ilichota kumbukumbu za mtu za kwao, ikazishona upya, ikampa wiki nzima ndani ya dakika arobaini. Mnyakyusa akivaa alijikuta Tukuyu, Mmakonde alijikuta Newala, na kila mmoja alikaribishwa na watu wake.

Mchezo huo wa kofia uliitwa Desemba, kwa kuwa Haikaeli, aliyeutunga, alikuwa Mchaga. Desemba ikifika Wachaga wote hupanda mlimani kwao, na asiyepanda huulizwa kama ni mgonjwa au ana kesi. Haikaeli hakuwa mgonjwa wala hakuwa na kesi, ila kwa miguu yake hakuwa amepanda huko miaka minne. Hakuona upungufu wowote. Alikuwa akienda kila siku ya kazi, baada ya chai ya saa sita, kuujaribu mchezo.

"Manka, umerudi?" Mbonea Mrutu aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Alikuwa mkuu wa studio na, zaidi ya hapo, alikuwa Mpare, yaani mtani, wa kabila linalotaniwa kwa kupenda kesi. Na watani humwita kila mwanamke wa Kichaga Manka, awe ni Manka au si Manka. "Umetuletea ndizi?"

"Nimekuletea hati ya mashtaka. Si ndicho chakula chenu?"

"Tungeshiba." Alicheka, akaweka karatasi mezani kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto. "Lakini leo mimi ndiye nimekuletea hati."

Iliitwa Hati ya Usawa, ukurasa mmoja tu. Waajiri arobaini walikuwa wanataka kuwapa wafanyakazi wao Desemba badala ya likizo ya kukaa nyumbani. Mamlaka ya kazi ilikuwa tayari kuwaruhusu kwa sharti moja: msanifu mkuu wa mchezo athibitishe kwa mkono wake, maana yeye ndiye anayejua kilichomo. Sentensi ya kujaza ilikuwa fupi. *Kipindi kimoja cha Desemba ni sawa na siku ____ za likizo.*

"Andika saba, tia sahihi," alisema Mbonea. "Wanaipokea Jumatatu saa nne asubuhi."

"Na wakishaipokea, likizo za kweli zinakwenda wapi?"

Mbonea hakuwa mtu mbaya, na tusimfanye mbaya. Alivuta kiti, akakaa. "Unamkumbuka yule nesi wa Tunduma? Miaka sita hajapata likizo hata ya siku mbili. Tulipompa kofia aliandika amekaa na marehemu bibi yake wiki nzima, akarudi zamu ya mchana anaimba. Manka, kuna watu dakika arobaini kwao ni bahati. Utawanyima kwa sababu wewe una pa kwenda?"

Swali lilimwingia Haikaeli, kwa sababu barua ya yule nesi aliisoma mwenyewe na kulia. Akachukua kalamu.

Ila alikuwa bado na furaha ya Marangu mwilini, na mtu mwenye furaha hutaka kuigawa. Akaweka kalamu, akamtumia mdogo wake ujumbe wa sauti. "Ndekirwa, mdogo wangu, hujambo? Desemba hii nakuja kweli, nitafutie mbuzi mnene. Tangu tuliposameheana moyo wangu ni mweupe kabisa."

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekuwa ameinama kwenye kazi.

"Shikamoo dada. Sijaelewa. Tumesameheana lini?"

*

Kosa lenyewe lilitokea miaka minne nyuma, siku ya tatu baada ya mazishi ya mama yao. Haikaeli alikuwa ameshika begi. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa unaingia sokoni wiki ile. Ndekirwa, kitinda mimba, ambaye kwa mila ndiye anayebaki na nyumba na kuwatunza wazazi, alimwomba akae mpaka matanga yaishe. Wakabishana uani, mbele ya waombolezaji. Mwisho Haikaeli akasema, "Mimi nina kazi. Wewe umebaki kulinda migomba."

Ndekirwa alikuwa amemuuguza mama yao miaka miwili, akimgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko. Alimpokea dada yake begi, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi.

Na bado Haikaeli aliukumbuka msamaha. Aliukumbuka vizuri kuliko alivyokumbuka chakula cha jana. Alikuwa amechuma jani la isale, lile linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba ya ukoo, akalifunga fundo, akampelekea mdogo wake kwa mikono miwili. Mchaga akiletewa isale hakatai kusamehe, hata kama alitukanwa vipi. Aliukumbuka umande juu ya jani. Aliikumbuka mikono ya Ndekirwa ikilipokea, na uzito ulivyomshuka mabegani.

Alifungua kumbukumbu za majaribio, akatafuta. Ilikuwa humo, kipindi cha hamsini na nane, mwaka uliopita. *Isale: limepokelewa. Muda wa kusubiri: sekunde nne.*

Haikaeli alijishika kichwa. Zaidi ya nusu mwaka alikuwa akitembea na msamaha wa uongo, akilala usingizi wa mtu aliyetubu, na kule mlimani aliyetukanwa alikuwa bado na tusi lake.

Alivaa kofia tena. Hakwenda kupumzika, alikwenda kukagua kazi yake, kama fundi anayerudi kwenye nyumba aliyosikia imepata ufa. Marangu ilikuwa palepale, jua la Desemba, migomba imeoshwa. Mama yake alikuwa jikoni amegeuza mgongo. Siku zote alikuwa amegeuza mgongo, kwa sababu Haikaeli hakuwahi kuthubutu kuiandika sura yake.

Alichuma isale, akampa Ndekirwa. Akalipokea, akatabasamu. Alichuma la pili, akampa. Akalipokea, akatabasamu vilevile.

"Wewe umebaki kulinda migomba," alimwambia, kumjaribu.

"Yamekwisha, dada," alisema Ndekirwa. "Karibu mtori."

Hakukuwa na ufa. Mashine ilifanya kile ilichoagizwa, na agizo alilikumbuka, maana aliliandika yeye siku wachezaji wa kwanza walipolalamika kwamba nyumbani kwao kuna watu wenye vinyongo: *Ndani ya Desemba hakuna anayekataa, hakuna anayenuna, hakuna anayekusubirisha.* Siku ile wenzake walimpigia makofi.

Alivua kofia, akafungua mfumo wa watumishi kuomba siku tatu za kwenda nyumbani. Mfumo huo studio ilikuwa imeuboresha mwezi uliopita, tayari kwa utaratibu mpya. Ulijibu papo hapo, kwa adabu.

*Ndugu Haikaeli, tangu mwaka jana umekwisha kupumzika siku 1,407. Huna siku iliyobaki. Tunakutakia kazi njema.*

Alimwita Mbonea aje asome. Mbonea alisoma, akaangua kicheko, akasoma tena, kicheko kikamkauka. "Hilo tutalirekebisha," alisema.

"Utarekebisha nini? Mfumo umehesabu sawasawa. Vipindi mia mbili na kimoja, mara saba."

Mbonea alikuna kidevu. "Nenda Jumamosi," alisema mwishowe. "Ila Jumatatu saa nne, Manka. Nakuomba."

*

Basi la umeme lisilo na dereva lilimshusha njia panda ya Marangu Jumamosi asubuhi. Ilikuwa Juni. Haikaeli alikuwa amesahau kabisa kwamba kwao kuna Juni. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, mvua nyembamba ilimwingia kwenye kola, na njia aliyoipita mara mia mbili ndani ya kofia ilikuwa imemwagwa kokoto na kupinda mahali asipopajua. Alipotea akiwa anakwenda kwao. Mwanamke aliyekuwa akichanja kuni alimwelekeza, akamwambia karibu mgeni.

Kwenye mpaka wa kihamba alichuma isale. Ndani ya kofia lilikuwa likitoka kwa kuguswa tu. Hili lilimgomea, likamkata kidole. Alilifunga fundo kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Ndekirwa alikuwa nyuma ya banda, anamkatia ng'ombe mgomba. Aliinua kichwa. Alikuwa amevaa miwani. Miaka minne, na hakuna aliyemwambia Haikaeli kwamba mdogo wake amevaa miwani, wala hakuwa ameuliza.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu." Maneno yote aliyoyapanga kwenye basi yalimtoka. Alinyoosha jani kwa mikono miwili. "Nimekuletea hili. Lile la kwanza nililipeleka pasipo pake."

Ndekirwa alilitazama jani, akaitazama damu kwenye kidole cha dada yake. Hakunyoosha mkono. Alimwita mkewe, Eliapenda, alete glasi ya maji.

"Weka humo, lisinyauke."

"Ndekirwa, isale halikataliwi."

"Sijalikataa. Mila inasema halikataliwi. Haisemi linapokelewa saa ngapi." Aliokota panga. "Umekuja na siku ngapi?"

Ni swali la kawaida. Kila mgeni huulizwa, ili watu wajue wapike nini na lini. "Kesho jioni naondoka," alisema Haikaeli. "Jumatatu nina..."

"Basi jani litakusubiri," alisema Ndekirwa, akaendelea kukata.

Haikaeli alikasirika, tuseme kweli. Amesafiri, amelowa, amejikata, na mtu anamwekea msamaha kwenye glasi kama ua la mezani! Aliingia jikoni kwa wifi yake akanuna. Eliapenda hakumbembeleza. Alimsukumia kisu na mkungu wa ndizi.

Jumapili ilipita polepole mno. Baada ya ibada walimenya ndizi, utomvu ukamtia weusi vidoleni. Ng'ombe alilishwa, akanyweshwa, akalishwa tena. Mvua ilianza, ikaacha, ikaanza. Haikaeli alikwenda kwenye kaburi la mama yake kung'oa magugu, akamaliza, akakaa, na hakukuwa na kitu kilichofuata. Ndipo alipogundua ni nini kingine alikikata kwenye Desemba yake. Alikata uchoshi wote. Saa ambazo hakuna linalotokea, na huna la kufanya ila kuwa karibu na watu, aliziona hazina alama, akazitupa kama maganda.

Saa kumi alasiri basi lilipiga honi njia panda. Eliapenda alimtazama. Haikaeli alichukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.

*

Jumatatu saa tatu na nusu Mbonea alipiga simu. Haikaeli alikuwa kwenye mfereji anachota maji, akajibanza chini ya mgomba mmoja asilowe.

"Uko wapi, Manka? Hati nimekutumia kwenye simu. Saba, sahihi, basi. Watu wamekaa mezani."

"Niko kwetu. Mbonea, nisikilize. Mchezo ni mzuri, siuonei haya. Yule nesi mwachieni kofia yake, avae kila siku akitaka. Lakini mimi nikiandika saba, mwajiri wake atamwambia ameshapumzika. Kama mfumo wako ulivyoniambia mimi."

"Sasa hivi hapati hata hiyo!"

"Hapati, na ana haki ya kudai. Siku nitakapotia sahihi, hata haki ya kudai imekwisha. Atamwambia nani kwamba amechoka? Karatasi itasema ana siku elfu moja."

Haikaeli alisikia watu wakizungumza nyuma ya Mbonea, vikombe vikigongana.

"Andika hata tatu," alisema Mbonea kwa sauti ya chini. "Andika moja. Nakuomba kama mtani."

Desemba ilikuwa kazi yake ya miaka minne. Lilikuwa jina lake kwenye kila kofia, na Mbonea alikuwa rafiki aliyemwamini kabla hajawa mtu. Moja ni namba ndogo. Haikaeli alitazama juu uani, akaona glasi dirishani na jani ndani yake, likiwa limeanza kuwa kahawia kwenye ncha. Siku mbili, na halijapokelewa bado.

Alifungua hati. Pale penye nafasi aliandika *sifuri*, kwa herufi, ili mtu asije akaongeza kitu mbele yake. Chini akaandika: *Ni mchezo. Uchezwe siku ya likizo.* Akatia sahihi, akaituma.

Ilifika. Alijua imefika kwa jinsi Mbonea alivyovuta pumzi.

"Nafasi yako sitaweza kuilinda," alisema.

"Najua."

"Na mimi wataniburuza mpaka baraza la kazi."

"Si sikukuu kwenu? Nunua suti."

Kicheko kilimtoka Mbonea, kifupi, kichungu, cha kweli. "Mtani mbaya wewe," alisema. "Waache waje. Kesi ya Mpare haina haraka." Akakata simu.

Haikaeli alisimama palepale, ndoo imejaa na inamwagika. Aliogopa sana. Hakuna kazi nyingine aliyoijua duniani. Kisha akabeba ndoo, kwa sababu ng'ombe alikuwa analia.

*

Ndekirwa alisema Jumatano, baada ya chakula cha mchana, wamekaa barazani wanachambua maharage. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alisema tu, macho kwenye ungo.

"Si neno la migomba lililoniuma, dada. Migomba kweli nailinda."

Haikaeli aliacha kuchambua.

"Mama alipokuwa kitandani ulikuja mara mbili, siku mojamoja. Baada ya hapo, kila gari likisimama pale njia panda anaamka, ananiuliza, 'Haika amekuja na siku ngapi?' Hakuuliza kama umekuja. Aliuliza siku ngapi. Nikawa namwambia, 'Nyingi, mama, amepumzika chumba cha pili, usimwamshe.' Anafurahi, analala. Miezi minne nimemdanganya hivyo, mpaka akafa anajua upo."

Mvua ilikuwa imeacha. Haikaeli alilia mbele ya mdogo wake bila kujificha uso. Ndekirwa alimwacha alie, akaendelea kuchambua, akatupa jiwe moja, akatupa jingine.

Maharage yalipokwisha aliinuka, akaenda dirishani. Alisimama hapo, amempa mgongo, na Haikaeli akaogopa kwamba hatageuka.

Aligeuka.

"Umekuja na siku ngapi?" aliuliza.

"Sijazihesabu."

Ndekirwa alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akaingiza mkono kwenye glasi, akalitoa jani likidondosha maji, akalishika kwa mikono miwili.

"Kesho majani ya ng'ombe ni zamu yako," alisema. "Uamke saa kumi na moja."

Haikaeli alisema ndiyo, ataamka.